Amina ya Mkiani

Asubuhi ya kuondoka, Mama Siti alikuwa bado amepiga magoti karakanani kwake, akivuta reksini nyeusi juu ya kiti cha pikipiki na kuibana kwa pini upande wa chini. Kiti kilikuwa cha Mwenyekiti wa kikundi. Alikuwa amekileta akilalamika kwamba kinamchoma, na safari yenyewe ni ya kutwa nzima. Mama Siti alipokifungua alikuta sponji imechoka katikati, imebaki na umbo la makalio ya mwenye mali, la kulia limezama kuliko la kushoto. Akaing'oa, akaweka nyingine. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuvisha viti vya pikipiki, na ilikuwa imemfundisha kwamba sponji haisahau. Ukiikalia inashika umbo lako. Ukitoka jasho inalinywa. Ukivuta sigara juu yake huku nyumbani umeapa kwamba umeacha, inakaa na ule moshi kimya kimya mpaka siku fundi atakapoichana.

Alipomaliza alijifuta mikono, akavaa jaketi la marehemu mumewe, akaikunja mikono yake iliyomzidi, kisha akaishusha helmeti ya marehemu kutoka juu ya kabati na kuipangusa vumbi.

Kikundi kiliitwa Magurudumu ya Neema. Walikuwa waumini wa makanisa tofauti waliokutanishwa na mapenzi ya pikipiki na hofu ya Mungu, ingawa wake zao walishikilia kwamba pikipiki ndiyo iliyotangulia. Kila mwaka walifunga safari moja ndefu ya maombi. Hawakwenda kuomba huko walikokwenda tu. Waliomba wakiwa juu ya pikipiki. Barabara nzima ilikuwa imegawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na maombi yake. Kutoka kituo cha mafuta hadi darajani waliombea wagonjwa. Kutoka darajani hadi penye mnara wa simu waliombea ndoa. Baada ya hapo wasafiri, kisha yatima, kisha shule, kisha wakubwa wa nchi, ambao walipewa kipande kirefu chenye mashimo mengi.

Kwa kuwa upepo na injini havimwachi mtu amsikie mwenzake, kila mmoja aliomba peke yake ndani ya helmeti yake. Mwenyekiti, aliyeongoza mbele, akishamaliza kipande, alipiga honi. Wa pili akaipokea, akapiga ya kwake, wa tatu naye hivyo hivyo, mpaka mkiani kabisa, ambako mtu wa mwisho alipiga honi moja ndefu. Hiyo ndiyo ilikuwa amina. Mwenyekiti akiisikia alijua kundi zima lipo na linakuja, akaongeza mwendo. Hakugeuka. Kugeuka nyuma kulihesabiwa kuwa ni upungufu wa imani, na zaidi ya hapo ni hatari barabarani.

Mume wa Mama Siti alikuwa ndiye mtu wa mkiani, na jina lake kikundini likawa hilo hilo, Mkia. Alikuwa fundi wa pikipiki. Fundi hukaa nyuma ili anayeharibikiwa amkute. Katika safari ya mwaka uliopita, kwenye kona ndefu inayozunguka kilima, lori lilimpitia, na aliletwa nyumbani garini, amefunikwa.

"Papo hapo, shemeji," Mwenyekiti alimwambia siku ile, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Hata kope hakupepesa. Bwana alimwita akaitika."

Mama Siti angeyapokea maneno hayo, maana alitaka kuyapokea. Lakini mhudumu wa chumba cha maiti alimkabidhi nguo za mumewe ndani ya mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na mkanda wa suruali. Mkanda aliujua. Alimkatia yeye mwenyewe kwa mabaki ya ngozi. Sasa ulikuwa na tundu jipya ambalo hakulitoboa yeye. Lilikuwa limetobolewa kwa bisibisi, mahali ambapo mkanda ule ungebana kiuno cha mtoto mchanga, au paja la mtu mzima, na ngozi ya hapo ilikuwa imevutika kwa mkono wenye nguvu. Mtu aliyekufa papo hapo hatoboi mkanda.

Alimwuliza Mwenyekiti mara ya pili, akaambiwa papo hapo. Akamwuliza mwimbaji wa sauti nzito waliyemwita Besi, ambaye husema asichoulizwa. Naye akasema papo hapo, akaangalia viatu vyake. Wote walisema neno moja kama watu walioshonewa sare. Basi Mama Siti akaacha kuuliza, akajifunza kuendesha pikipiki. Alitaka jambo moja tu duniani: ajue kama mumewe alikaa pale kwenye kona peke yake, na kama alikaa, alikaa akisema nini.

Walikutana mbele ya kanisa kukiwa kumeshapambazuka vizuri. Mwenyekiti alikijaribu kiti chake, akakisifu, kisha akaanza kupanga watu.

"Shemeji, wewe utakaa katikati tukulinde."

"Nitakaa mkiani."

"Mkiani ni mahali pa fundi."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni fundi wa viti, shemeji."

"Basi ikimharibikia mtu nitampa kiti akae tungoje fundi mwingine."

Watu walicheka, na mtu akishachekesha kundi asubuhi ni vigumu kumkatalia. Nesi, mwanamke pekee mwingine kikundini, akamsogelea kumfunga ukanda wa kidevuni.

"Helmeti imekuzidi, wifi."

"Kichwa chake kilikuwa kikubwa. Mama yake alikuwa analalamika mpaka uzeeni."

Wakaomba, wakaondoka.

Walipokipita kituo cha mafuta na kuingia kipande cha wagonjwa, helmeti ikaanza kusema. Sauti ilitoka kwenye sponji ya pembeni, karibu na sikio la kushoto, na ilikuwa sauti ya mumewe, yenye mafua kidogo, kama alivyokuwa siku ile alipoondoka.

"Baba, wakumbuke wagonjwa," ilisema. "Mkumbuke mzee jirani na kifua chake. Mkumbuke na Besi hapa mbele yangu. Yeye ni mzima, ila mnyororo wake umelegea, unalia kama bata, na nilimwambia."

Mama Siti alisikiliza huku macho yake yako barabarani. Hakuona kwamba ni jambo la kuelezwa. Mtu ameomba ndani ya sponji miaka na miaka, mdomo uko pale, sponji iko pale. Ingekuwa ajabu kama isingeshika kitu. Alichogundua ni kwamba maneno hayakuja ovyo. Kila neno lilitoka mahali lilipotamkwa. Alipopunguza mwendo, maombi nayo yalipungua mwendo. Alipompita mbuzi aliyekuwa katikati ya barabara, mumewe alikuwa anamwombea mgonjwa wa sukari, na akakawia kwa mgonjwa huyo zaidi ya alivyokusudia.

Darajani Mwenyekiti akapiga honi, ikaja nyuma ikirukia pikipiki hadi pikipiki, na Mama Siti akapiga ile ndefu ya mwisho. Kikaanza kipande cha ndoa.

"Baba, asante kwa mke uliyenipa. Akisema anakuja sasa hivi, nipe uvumilivu, maana wewe unajua na mimi najua kwamba bado anatafuta kiatu. Jana amefanya kazi mpaka vidole vimevimba. Nilijifanya sioni, kwa sababu ningemwambia apumzike angenirushia mkasi. Lakini niliona, Baba. Niliona vyote. Kile cha shahada kina mkato, usiache uingie uchafu."

"Sasa ndiyo unasema," Mama Siti alimwambia ndani ya helmeti. "Mwaka mzima nimekuweka juu ya kabati."

"Na umsaidie asiwe mkali kwa wateja," mumewe akaendelea.

"Wateja gani? Wale wasiolipa?"

"Hasa wale wasiolipa," ikasema helmeti, maana alikuwa ameyasema hayo tangu mwaka jana, na alimjua.

Penye mnara wa simu kulikuwa na kituo kingine cha mafuta, wakasimama. Nesi alimkuta Mama Siti amekaa ukingoni mwa baraza, helmeti mapajani, akiitazama kama mtu anayesoma.

"Umechoka, wifi?"

"Hapana. Mkia alikuwa anaongea."

"Anasemaje?"

"Mengi. Kwako anasema hujabadilisha oili."

Nesi akaenda kwenye pikipiki yake, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia, akarudi. "Kweli," alisema. "Tangu yeye afe sijabadilisha."

Habari ikazunguka baraza zima kabla matangi hayajajaa. Hakuna aliyeshangaa; walikuwa watu wa maombi na walikuwa wamekwisha kushuhudia mengi, na hata wasingeshuhudia, Mkia alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza. Walipanga foleni ili wajue amewasemea nini. Mmoja aliambiwa breki yake ya nyuma ni ya kuombewa tu, haina matumaini mengine. Besi akauliza kwa aibu kama naye yumo.

"Umo mara mbili," Mama Siti alimwambia. "Kwanza mnyororo. Halafu anamwomba Mungu akupe sauti inayolingana na imani yako."

"Hilo ni tusi au ni sifa?"

"Kalifikirie njiani."

Mwenyekiti peke yake hakupanga foleni. Alisimama kando ya pampu akifunga na kufungua glavu. Watu walipotawanyika alikuja, akachutama mbele ya Mama Siti, akasema kwa upole, na upole wake haukuwa wa uongo, "Shemeji, mbele kuna kona. Helmeti hiyo tungeifunga kwenye mizigo yangu. Nitakupa yangu ya akiba, hata haijavaliwa."

"Kwa nini?"

"Mengine tuyaache mikononi mwa Mungu."

"Hayako mikononi, Mwenyekiti. Yako kichwani mwangu."

Mwenyekiti akaangalia chini. Alikuwa na duka la vipuri, na katika duka lake hakuwahi kumwuzia mtu kipuri kibovu kwa kujua. "Aliitwa papo hapo," alisema.

"Basi hakutakuwa na cha kusikia," Mama Siti akajibu, akavaa helmeti.

Kipande cha wasafiri kiliupita mzani wa malori. Barabara ilinyooka, ikapanda, kisha ikaanza kukizunguka kilima kwa kona ndefu isiyoonyesha mwisho wake. Jua lilikuwa utosini. Majani ya kandokando yalikuwa marefu na yana vumbi.

"Baba, walinde wote walio barabarani leo," mumewe aliomba. "Madereva wa mabasi wape usingizi usiku, wasije wakautafuta mchana. Waendao kwa miguu wape upande wa kupita, maana waliojenga barabara waliwasahau. Na hawa wa kwetu..."

Hapo akakatika.

Mama Siti akavuta pikipiki pembeni, akaizima, akaisimamisha, akaingia kwenye majani na kukaa. Helmeti haikuwa imeshika kishindo. Ilikuwa imeshika maneno tu, na maneno yalikuwa hayajaanza tena. Huko mbele alisikia honi ya Mwenyekiti, kisha ya pili, zikija nyuma moja moja, mpaka ya Nesi aliyekuwa mbele yake. Ikafika zamu yake. Hakupiga. Wakati huo huo likaja lori limesheheni mchanga, likaiona pikipiki imesimama ukingoni, likapiga honi ndefu, likapita. Ng'ambo ya kilima Mwenyekiti aliisikia, akanyanyua dole gumba juu mbinguni, akaongeza mwendo.

Ndipo sauti ikarudi. Ilikuwa chini zaidi, na karibu zaidi.

"Baba," ilisema. "Hiyo haikuwa mimi."

Majani yakatikisika kwa upepo.

"Hiyo honi. Ni lile lori. Wao watadhani ni mimi."

Pumzi, moja baada ya nyingine.

"Haina neno. Wakifika kwenye chai wataona sipo. Baba, paja hili. Ngoja kwanza nifunge, nitarudi kwako."

Mama Siti alikaa akingoja naye. Alijua ule muda ulikuwa wa nini: wa kutafuta bisibisi mfukoni, wa kutoboa, wa kuvuta. Akajikuta anabana meno kama mtu anayesaidia.

"Haya, nimefunga. Tulikuwa wapi? Wasafiri."

Akamalizia wasafiri. Kisha, kwa kuwa aliona huenda asivifikie vipande vilivyobaki, akaviombea pale pale vyote kwa zamu. Aliwaombea yatima, bila haraka. Aliombea shule, akawataja walimu wawili waliompiga utotoni, akasema amewasamehe, mmoja zaidi ya mwingine. Alipofika kwa wakubwa wa nchi alisema tu, "Wewe unawajua," akapita.

"Sasa watakuwa wamefika," aliendelea. "Mwenyekiti hunywa chai ikiwa inachemka, halafu anaungua ulimi na kumlaumu mhudumu. Mpozee kidogo, Baba. Mimi sasa hivi ningekunywa hata maji ya betri."

Nesi ndiye aliyerudi. Tangu mwaka jana imani yake ilikuwa imepungua kiasi cha kutazama kioo cha pembeni, na kioo kilikuwa kitupu. Aligeuza. Aliyekuwa mbele yake alipoona kageuza naye akageuza, na hivyo hivyo kwenda mbele, mpaka kundi zima likawa linarudi. Mwenyekiti alifika wa mwisho, kwa sababu alikuwa amekwenda mbali kabla hajatambua kwamba anaongoza barabara tupu.

Walimkuta Mama Siti majanini. Hakulia. Aliivua helmeti, akampa Nesi, na Nesi akaivaa, akakaa pale pale alipokaa mwenzake. Alisikiliza tangu mwanzo, maana maneno yalikuwa ya mahali, hayakwisha. Alipoivua uso wake ulikuwa wa kazini.

"Alifunga vizuri," alisema. "Alifunga juu ya jeraha. Mtu aliyejifunga hivi, akiwahishwa..." Akampa Besi helmeti.

Besi akaivaa, akakaa sana nayo. Alipoivua alimgeukia Mwenyekiti. "Nilisema turudi."

"Ulisema."

"Nilisema ile honi ni nzito, siyo ya pikipiki. Sauti nazijua."

"Na mimi nikasema nimesikia amina," Mwenyekiti akajibu. "Nikasema Mkia anajua njia, atatukuta. Tukaagiza chai nyingine." Aliyasema hayo polepole, kama mtu anayetaja vitu vilivyomo ndani ya chumba chenye giza.

Mama Siti akasimama, akamnyooshea helmeti. Mwenyekiti aliitazama. Mikono yake ilianza kuja, ikarudi.

"Sina haja ya kusikia, shemeji," alisema. "Mimi naamini."

Mama Siti akaivaa tena, akasikiliza peke yake mpaka sauti ilipoisha, kivuli cha kilima kikivuka barabara. Wakapanga mstari tena, wakaenda. Kwenye vipande vilivyobaki helmeti ilikuwa kimya, kwa kuwa maneno yake yalikuwa yamebaki nyuma, konani, na Mama Siti alijiombea mwenyewe kwa kadiri alivyoweza. Alipiga amina kila ilipomfikia. Mwenyekiti aliisikia na hakugeuka.

Kesho yake, katika kanisa walilolifikia, watu walijaa mpaka nje. Habari ilikuwa imewatangulia. Helmeti iliwekwa mbele, juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe, katikati ya maua, na Mwenyekiti akapewa kipaza sauti.

"Bwana hapotezi maombi ya mtu wake," alisema, sauti ikimtetemeka kwa kweli. "Ndugu yetu Mkia aliomba, na maombi yake yako humu, hayakuoza! Tumeyasikia kwa masikio yetu! Ndugu yetu huyu, aliyeitwa papo hapo, bila maumivu..."

Mama Siti akasimama. Hakuwa na kipaza sauti, lakini mwanamke aliyezoea kuongea juu ya mlio wa cherehani ya ngozi hakihitaji.

"Hakufa papo hapo," alisema.

"Amina!" kanisa likaitika.

"Alikaa pale kutoka jua la utosini mpaka kivuli cha kilima kilipovuka barabara."

"Amina!"

"Alijifunga paja mwenyewe. Alikuwa na kiu. Aliwangoja hawa, na hawa walikuwa wanakunywa chai."

"Haleluya!" akapaza mama mmoja wa safu ya mbele, mikono juu, machozi yakimtiririka. Mpiga kinanda alitafuta ufunguo, akaupata. Besi, ambaye siku zote sauti inapotakiwa huitoa, akaanza wimbo, na ulipofika kwenye kiitikio alikuwa analia, lakini hakuacha kuimba. Mama Siti alisimama kidogo katikati ya kelele zile, kisha akakaa. Nesi akamshika mkono, akauweka juu ya paja lake, akaufunika kwa mkono mwingine.

Baada ya ibada watu walipanga mstari kumpa mkono. Walimwambia ushuhuda wake umewajenga.

Mambo yakaendelea kama yalivyokuwa. Kikundi kilichanga, kikasimamisha jiwe pale konani, jiwe zuri lenye herufi za rangi ya dhahabu, limeandikwa kwamba hapa ndugu yetu mpendwa aliitwa papo hapo. Kona ikaongezwa kwenye vipande vya maombi. Hoja ya Nesi, kwamba kiongozi awe anasimama na kuhesabu watu, ilijadiliwa kwa upendo na kuwekwa kiporo. Malori ya mchanga yalipita kama kawaida na madereva wake wakazoea kupiga honi mbele ya jiwe, kwa heshima.

Jumamosi, karakana ikishafungwa, Mama Siti huwasha pikipiki na kwenda konani. Huchukua na kazi ndogo ya mkono, kitu cha kushona pindo, akakaa majanini, nyuma ya jiwe, helmeti kichwani. Mara nyingine Nesi huja naye, akiwa hayuko zamu, na wakakaa bega kwa bega.

Siku moja alikuja Mwenyekiti, peke yake, bila glavu. Hakusema amefuata nini. Alikaa, akanyoosha mikono, na Mama Siti akampa. Alisikiliza wasafiri, na yatima, na walimu wawili. Alipofika penye chai aliivua. Alikaa ameipakata muda mrefu, mabega yakimcheza. Kisha akatoa leso, akaifuta ile sponji iliyokuwa imelowa kwa machozi yake, taratibu, kila upande, ili asimwachie mwenzake unyevu, akairudisha kwa mikono miwili.

"Asante, shemeji."

"Karibu tena."

Jumapili alisimama kanisani kuwakumbuka waliotangulia, na alipofika kwa Mkia alisema papo hapo.

Sehemu inayokuja baada ya chai Mama Siti hakumpa mtu yeyote, na hata Nesi hakumwambia. Huisikiliza peke yake, kivuli cha kilima kikishaanza kuvuka barabara. Ni fupi. Sauti ndani yake ni ya mtu anayesinzia lakini amekumbuka kitu, kama alivyokuwa akifanya kitandani, anapogeuka gizani kuuliza kama mlango umefungwa.

"Baba," anasema, "leo mke wangu atakuwa ameweka sahani mbili, na yangu ameifunika. Ana tabia hiyo. Atakaa anatazama mlango mpaka chakula chote kipoe. Mwambie asiningoje. Mwambie ale."

Baada ya hapo ni majani tu na upepo wake.

Siku ile kweli alikuwa ameweka sahani mbili.

Mama Siti hufungua kibakuli alichokuja nacho. Huwa ni mkate na yai, bado una joto kidogo kwa kukaa karibu na injini. Huivua helmeti, akaiweka kando yake juu ya jaketi lililokunjwa, isiguse vumbi, na huku malori yakipita anakula, polepole, mpaka amalize vyote.